Redio Haionyeshi Kiwiko

Ukitaka kumfunga mtu mzima mwenye akili zake, usihangaike na kamba. Msifu. Msifu mbele za watu, kila wiki, kwa jambo ambalo hata yeye hakujua kwamba anaweza kulifanya, na hataondoka hata ukiliacha lango wazi. Mimi nilifungwa hivyo katika shamba la mkonge nje kidogo ya Voi, miaka ya sabini, na kila nikikumbuka huwa nawakasirikia watu wawili, mmoja akiwa mimi mwenyewe.

Nilitoka Kasigau kwenda kukata mkonge kama vijana wengine wa kwetu. Kilimo cha chini ya ule mlima ni cha kubahatisha. Unalima, kisha tembo anakuja kuvuna. Nyani naye hangoji hata mahindi yakomae. Utoto wangu wote niliumaliza juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, nikiwa na rundo la mawe. Nilijifunza kumpiga nyani kabla sijajifunza kuandika, na kama kuna mtihani niliowahi kufaulu vizuri ni huo.

Jambo hilo ndilo lililoniponza. Siku moja nilikuwa napita karibu na nyumba ya meneja, nimebeba panga langu, nikaona nyani dume ameketi kwenye mpapai wake, anakula kwa raha zake kama mgeni rasmi. Niliokota jiwe. Sikufikiri, mkono wenyewe ulifanya kazi uliyozoea. Nyani alianguka pamoja na papai, akakimbia akilia. Kumbe meneja alikuwa barazani na kikombe chake cha chai.

"We kijana! Umejifunza wapi hiyo?"

"Kasigau, bosi. Kwenye dungu."

"Jumapili uje kiwanjani. Na hilo panga uliwache nyumbani."

Meneja alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: kriketi. Alikuwa ameunda timu ya wenye maduka wa Voi, makarani wa reli na mafundi wa kiwanda cha mkonge. Kiwanja chao kilikuwa murramu tupu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na katikati walitandaza zulia refu la katani, wakalipigilia misumari pembeni. Mpigaji husimama mwisho mmoja wa zulia na gongo lake la ubao, akilinda vijiti vitatu; mpira ukiviangusha, anatoka. Mrushaji anakuja mbio kutoka mwisho mwingine, anaachia mpira mgumu wa ngozi, unadunda kwenye zulia na kumfuata mpigaji. Yote mengine katika mchezo huo ni maelezo na chai.

Niliporusha mara ya kwanza, mpira ulidunda ukapita karibu na sikio la mwenye duka la vitambaa, ambaye aliweka gongo chini na kusema ana watoto nyumbani. Meneja alicheka hadi akashika magoti. Wiki iliyofuata nilitolewa kwenye kukata mkonge, nikawekwa stoo. Nikapewa chumba chenye sakafu ya saruji. Wenzangu wa kambini waliniambia nimeangukia ulaji, na mimi nilikubali kabisa. Mikono yangu ilipona miiba kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

Kisha kukawa na Jumamosi za redio.

Jioni ya Jumamosi, msimu wa kriketi huko Uingereza, meneja aliweka redio yake ya mawimbi mafupi kwenye meza ya baraza, na sisi wachezaji tukakaa kuizunguka. Matangazo yalikuwa ya Kiingereza cha haraka, yakipotea na kurudi kama mtu anayezungumza huku akichota maji kisimani. Kiingereza changu kilikuwa cha kuandikia barua ya kuomba kazi, basi. Aliyenifasiria alikuwa mzee mmoja Mgoa, karani wa stesheni ya Voi, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwamuzi wetu, kwa maana mechi zetu zote tulizichezea nyumbani. Mtu mpole, mwenye miwani minene, asiyependa kupaza sauti hata treni ikiwa inapita.

Kazi yetu hapo barazani ilikuwa moja: kubishana nani ni mrushaji mkubwa kuliko wote. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona yeyote kati yao. Tuliwapima kwa masikio. Kulikuwa na Mwingereza ambaye meneja alimpenda kwa sababu hakuchoka. Alisema mtu huyo angeweza kurusha tangu asubuhi hadi ng'ombe warudi zizini, na mpira wa mwisho ungekuwa na hasira ileile ya kwanza. Fundi wa kiwanda alimtaka Mwaustralia mmoja, akisema kasi bila ubaya wa moyo ni kazi bure, na huyo ubaya alikuwa nao wa kutosha na wa kugawa. Wenye maduka walikuwa upande wa watu wa visiwa vya Karibi, warefu, ambao mpira wao ulisemekana kutoka juu kule kama nazi inayodondoka. Tulisikiliza jinsi mtangazaji alivyonyamaza mrushaji alipoanza kukimbia, umati ulivyoguna, kisha ule mlio wa mpira kwenye ubao au kwenye vijiti. Tulihesabu ukimya. Ukimya mfupi, mrushaji mkali. Kwa njia hiyo tulijiona wataalamu.

Mzozo ukishapamba moto, meneja aliufunga kwa njia ileile. Alinyoosha vidole kimoja kimoja. Wa kwanza fulani, wa pili fulani, wa tatu, wa nne. Kisha alinyoosha kidole gumba, akanielekezea.

"Na wa tano huyu hapa, anakunywa chai yangu."

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kifua kilinijaa joto, na joto hilo nililala nalo hadi Jumatatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikulitia maji, nililinywa lote peke yangu. Mtoto wa Kasigau, wa tano duniani! Nilianza kutembea kambini polepole ili watu wapate nafasi ya kunitazama.

Sasa niseme nilichokuwa nikikipoteza. Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi milimani, juu ya Wundanyi. Baba yake alikuwa amekubali, na alikuwa ametukatia kipande cha ardhi chenye mgomba na kijito pembeni. Mwalimu mkuu wa shule yake alitafuta karani wa stoo na ofisi, akaahidi kunishikia nafasi hiyo. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia nataka kuacha kazi mwisho wa mwezi.

Hakukataa. Laiti angekataa, ningegombana naye nikaondoka. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Nani anakuzuia, bwana? Ila tucheze kwanza na hawa watu wa Mombasa. Mechi hii moja tu."

Mechi hiyo ikaahirishwa kwa sababu ya mvua. Ikaahirishwa tena kwa sababu wageni walikuwa na arusi. Katikati zikaingia mechi nyingine, na kila moja ilikuwa ya mwisho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kulikuwa na asubuhi nilizokaa stoo kati ya marobota ya katani, mlango wazi mbele yangu, barabara naiona, malori ya kwenda Maungu na Mombasa nayaona, na nikarudi kuhesabu marobota. Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na nauli. Lakini nilijua kwamba kule milimani hakuna mtu atakayenyoosha kidole gumba kwa ajili yangu. Kule nitakuwa karani wa stoo, basi. Niliogopa, na ndiyo sababu sikwenda. Nyingine zote nilizozitoa zilikuwa za kumpamba mwoga.

Mchumba wangu alishuka mara moja kuniona, akakuta ni Jumamosi. Alikaa barazani saa nzima, amepakata mkoba wake, akisikiliza wanaume wakibishana juu ya wanaume ambao hawajawaona. Nilipomsindikiza barabarani aliniuliza, "Kwani unamwoa nani, mimi au redio?"

"Ni mechi moja tu imebaki."

"Mimi kwenye mkonge siji kuishi. Nimekwambia, na sitarudia." Na kweli hakurudia.

Aliyenifungua macho ni yule mzee wa stesheni. Jumamosi moja tulitoka barazani mapema, jua halijazama, tukaandamana njia ya reli, yeye akirudi mjini, mimi nikienda kununua sukari. Meneja alikuwa amenyoosha vidole vyake kama kawaida, nami nilikuwa nimejaa joto langu.

"Kuna wengine ambao bosi huwa hawataji," mzee alisema. "Walikuwa na kasi kama yako. Pengine zaidi."

"Kwa nini hawataji?"

"Walifukuzwa mchezoni, baba."

Alinisimamisha mbele ya ukuta mrefu wa ghala la mizigo, jua likiwa nyuma yetu, akaniambia nirushe, lakini polepole, bila mpira, nikitazama kivuli changu. Nilifanya. Kivuli kilikimbia, kikainua mkono, na hapo mkono ulipopita begani nikaona kiwiko kikikunjika, kisha kikafyatuka. Nilifanya tena. Kikakunjika tena. Nilijua mwendo huo. Ulikuwa wa mtoto aliye juu ya dungu anayempiga nyani.

Mzee alinieleza kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. Katika kriketi mpira hautupwi kama jiwe. Mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko hakiruhusiwi kufyatuka. Mpira utoke kwa bega, mgongo na miguu. Anayekunja kiwiko anatupa, na kutupa ni haramu. Mwamuzi hunyoosha mkono wake kando, mpira unakuwa batili, na mtu akizoea hivyo hapewi tena mpira na mtu yeyote mwenye heshima. Wale wakubwa tuliobishana juu yao, wote walipata kasi yao kwa mkono ulionyooka. Hapo ndipo ukubwa wao ulipo. Sisi tuliwapima kwa masikio, na redio haionyeshi kiwiko.

"Miaka yote hii wewe ndiye mwamuzi," nilimwambia. "Mbona hukunyoosha mkono?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Tunapenda kushinda," alisema. "Na wewe ulikuwa na furaha sana."

Sukari sikununua. Nilirudi peke yangu kwa njia ya mkongeni, na kwa mara ya kwanza niliuona mkonge ulivyopangwa, safu kwa safu, kila jani na mwiba wake, hadi macho yalipokoma. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuutupia mawe. Lakini kabla sijafika kambini wazo lilinijia, na wazo hilo likanipa usingizi. Watu wa Mombasa wangekuja na mwamuzi wao. Huyo hanijui, hanipendi, hana haja ya kuona Voi ikishinda. Atanyoosha mkono. Nitaaibika mbele ya watu wote, meneja hatakuwa na kazi nami tena, na mlango utafunguliwa na mtu mwingine bila mimi kuugusa. Nilianza kuingoja ile mechi kama mfungwa anayengoja msamaha wa sikukuu.

Siku ilipofika, mchumba wangu aliteremka na lori la kabichi. Alinikuta ukingoni mwa kiwanja.

"Mwalimu mkuu anakungoja hadi Jumatatu," alisema. "Nimekuja kukuchukua au kukuaga. Chagua mwenyewe."

Nilimwambia atazame tu, yatakwisha yenyewe. Alinitazama mimi badala ya kiwanja, akaenda kusimama karibu na lango.

Asubuhi timu yetu ilipiga, mchana tukala, na alasiri ikawa zamu yetu ya kurusha. Nilirusha kama nilivyozoea, la, nilizidisha. Nilikunja kiwiko hadi nilidhani hata kabichi zilizobaki kwenye lori zimekiona. Vijiti viliruka. Mpigaji wao mkubwa aligongwa mbavu akakaa chini. Kila mara niligeuka kumtazama mwamuzi wa Mombasa, mtu mnene mwenye kofia nyeupe, na kila mara mikono yake ilikuwa mifukoni. Mwingine tena. Mikono mifukoni. Nilimpitia karibu kabisa ili kiwiko changu kimpe upepo. Alipiga miayo.

Tulipopumzika kidogo kunywa maji nilimfuata mzee wa stesheni. "Huyu haoni?"

"Anaona vizuri sana. Lakini amekula pilau ya meneja, sahani mbili, na amefungiwa nyingine ya kwenda nayo nyumbani." Hakucheka. "Hakuna atakayenyoosha mkono, baba. Usingoje."

Nilirudi kiwanjani nikiwa kama mtu aliyeshikilia kitasa ambacho hakifungui mlango wowote. Wapigaji wao wazuri walikuwa wamekwisha. Walibaki wawili wa mwisho, watu wa kubeba mabegi, na mmoja wao alikuwa ananiogopa hata nikijikuna. Jua lilikuwa limeshuka. Meneja alinipa mpira mwenyewe, mkononi, kisha akarudi mahali pake na kuninyooshea kidole gumba. Wa tano. Watu wa kambi walipiga kelele. Lile joto likapanda kifuani, palepale pake, na nilijua kwamba nikilifuata safari hii sitatoka tena. Nitazeekea kwenye marobota.

Nilikimbia, nikainua mkono, nikaunyoosha. Bega liliniuma kwa kazi lisiyoijua. Mpira ulitoka laini, ukadunda kwa adabu, ukamfikia yule mbeba mabegi kama salamu. Alishangaa kuliko mimi. Akapiga, ukaruka juu ya uzio ukaangukia mkongeni, alama sita kwao.

Nilirusha tena, mkono umenyooka. Akapiga tena. Kelele za kambi zikafifia. Kuna sauti ilisema nimeumia, nyingine ikasema nimelishwa kitu. Nilirusha kila mpira kwa haki, kila mmoja ulipigwa, na kila mmoja ulinikata, kwa maana niliona wazi mimi ni mrushaji wa namna gani mkono ukiwa halali. Si wa tano. Si wa mia tano. Tulishindwa jua likiwa bado lipo. Watu wa Mombasa walibebana mabegani, na vijana wetu walipotea mkongeni kutafuta mipira, au kunikwepa.

Jioni nilifunga sanduku langu, nikamkabidhi mchumba wangu, nikaenda barazani na funguo za stoo. Redio ilikuwa inaongea. Meneja alikuwa peke yake, hakuna aliyekuja. Niliweka funguo mezani, karibu na chai yake. Langoni mchumba wangu alikuwa amesimama, sanduku langu la bati miguuni pake.

"Leo umerusha vizuri," meneja alisema bila kunitazama. "Kwa mara ya kwanza."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya yule nyani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuwa nani?" Sasa alinitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu mbaya, jambo lililoniudhi zaidi. "Walikuja watu kutoka Nairobi kutaka kukujaribu. Mara ya kwanza nikasema una malaria. Mara ya pili nikasema bega limeteguka. Huko wangekuita mwizi wa mchezo siku hiyohiyo. Hapa ulikuwa wa tano duniani. Nilikuwa nakuficha, kijana."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka pia kumshukuru, Mungu anisamehe. Nilimuuliza kama naweza kwenda.

"Nenda. Nani aliwahi kukushika?"

Aliongeza sauti ya redio. Mrushaji fulani alikuwa anakimbia. Ukimya, kisha umati ukaguna. Meneja alianza kunyoosha vidole kimoja kimoja, kama kawaida yake, akiongea na kikombe. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Nilikuwa nimeshageuka, mguu mmoja kwenye ngazi, na ule mwingine ukakataa. Alifika wa nne, akakunja ngumi taratibu, akachukua chai yake. Mchumba wangu aliniita kutoka langoni, akaniita tena, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale nikisubiri kidole gumba.